Mwaka Tulipoanza Kupiga Wageni

Mama mkwe wangu aliniita mgeni tangu siku ya harusi. Hakuniita kwa ubaya. "Mgeni, kaa hapa." "Mgeni, kula." "Mgeni, acha hiyo ndoo, nitabeba mwenyewe." Wiki mbili za kwanza nililipenda neno hilo, maana nani hapendi kuwekewa maji ya kuoga? Mwezi wa pili likaanza kuniwasha. Ilipofika Noeli nilikuwa nachota maji, natwanga, napika, nafua mpaka mashuka ya kitanda chake, na bado ni mgeni. Nikamwuliza mume wangu, "Hivi mama yako ataniita mgeni mpaka lini?" Akacheka. "Mpaka akuzoee." Nikataka kujua huko kuzoea kunapimwa kwa kisado au kwa debe. Akatoka nje, eti anatafuta jembe.

Mimi ni mtu wa mdomo, sikatai. Lakini jambo hili lilikuwa linaniuma kweli. Nilikuwa Msukuma peke yangu katika kijiji kizima cha Wafipa, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Chala, na nilijua wazi kwamba siku neno hilo litakapoondoka kinywani mwa yule mama ndiyo siku nitakapokuwa nimeolewa. Hayo ya kanisani yalikuwa mwanzo tu.

Kwetu tulitoka upande wa Shinyanga tukiswaga ng'ombe, mimi nikiwa binti mdogo, tukatembea mpaka nikasahau tulikotoka. Ndugu walituaga kwa dhihaka: "Mnakwenda Sumbawanga? Basi mtarudi mmepanda ungo!" Baba yangu, tangu tufike, alikuwa akisema hajaona mtu anayeruka huku, ameona tu watu waliochoka kwa kulima. Alijenga boma lake pale uwanda unapoanza kushuka kuelekea bondeni, penye nyasi nyingi. Mume wangu alikuja mnadani Chala kuangalia dume la pili la kulimia, alifunge pamoja na lile alilokuwa nalo. Akaishia kuniangalia mimi. Mwisho wa hadithi, hata lile dume alilokuwa nalo likahamia zizini kwa baba yangu, pamoja na ng'ombe jike wawili, mahari yangu hiyo. Kwa hiyo niliingia katika nyumba ambayo haikubaki na hata mkia wa ng'ombe, na kila jembe lililoinuliwa pale liliinuliwa kwa mkono. Mama mkwe hakuwahi kunitajia jambo hilo. Jirani yetu alinitajia kila tulipokutana kisimani.

Kulikuwa na kitu kimoja kilichonikera kuliko neno lenyewe, nacho ni mbegu. Mama mkwe aliziweka kwenye vibuyu, juu ya dari la jikoni, pale moshi unapopita ili wadudu wasiziguse. Maharage ya aina tatu, ulezi wa aina mbili, mahindi ya kienyeji meupe ya punje fupi. Siku ya kupanda alipanda juu ya kigoda yeye mwenyewe, pamoja na magoti yake mabovu, akashusha kibuyu, nami nikaweka viganja vyangu viwili pamoja chini yake, akanimiminia. Nilikuwa mrefu kumzidi kwa kichwa kizima. Ningeweza kushusha vibuyu vyote bila kigoda wala nini. Nikinyoosha mkono tu, anasema, "Mgeni, ngoja nikupe." Basi nangoja, viganja mbele, nimesimama kama nangoja komunyo.

Hizo zilikuwa enzi za ruksa. Maduka ya Sumbawanga yalijaa kila kitu, malori ya wafanyabiashara yalikuja mpaka mlangoni kununua mahindi, watu wakanunua redio na mabati. Lakini mbolea ya chumvichumvi, ambayo zamani ilikuwa inaletwa na chama cha ushirika mpaka kijijini, ikawa ya dukani, na mfuko wake ukawa wa kutazama tu na kupapasa. Vijana waliokuwa wamelima kwa mbolea hiyo tangu wajue kulima wakabaki wanashangaa mashamba yao. Mama mkwe wangu alikuwa mjane, na hakuwahi kununua mfuko hata mmoja. Walimcheka kwa miaka mingi kwamba ni mtu wa zamani. Kila bei ilipopanda, yeye alitabasamu na kuendelea kuchambua maharage yake.

Na mvua nayo ikawa imekosa adabu. Wenyeji waliniambia kwamba zamani, sikukuu ya Watakatifu Wote ikishapita, mwanzoni mwa Novemba, ulikuwa unaandaa jembe bila kuuliza, na Noeli ilikukuta mahindi yamefika magotini. Sasa mvua ilikuja siku ikitaka, ikachungulia, ikaondoka, ikarudi kwa hasira na kubeba udongo. Au katikati ya masika linawaka jua wiki nzima, mbingu nyeupe, mpaka kuku wanatafuta kivuli. Siku hizi redioni wanasema mabadiliko ya tabianchi. Sisi hatukuwa na jina kubwa namna hiyo. Tulisema tu, mvua imekosa adabu, tukaitafutia dawa.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Ilikuwa Februari. Mume wangu alikuwa ameteremka ziwani Wampembe na gunia la maharage, abadilishane na samaki wa migebuka. Dada yake mama mkwe, aliyekaa Chala, akavunjika mguu, na mama mkwe ikabidi aende akamuuguze. Kabla ya kuondoka alinipeleka kwenye shamba la mteremkoni, shamba kubwa kuliko yote ya nyumba ile, lile lililotegemewa kwa ugali. Alikuwa ameshafyeka nyasi zote, zimelala chini shamba zima.

Hapa lazima niwaeleze Kiswahili cha mama mkwe wangu. Alikuwa na Kiswahili cha kanisani na Kiswahili cha sokoni. Aliweza kusali rozari nzima, na aliweza kumshusha bei mchuuzi yeyote wa khanga. Katikati ya hapo hapakuwa na kitu, mengine yote yalikuwa Kifipa. Nami Kifipa changu kilikuwa salamu tu. Akasimama, akatazama shamba, nikaona midomo yake inatafuta neno. Akalipata. "Matuta," akasema. "Nyasi nimefyeka. Wewe piga matuta. Nikirudi nikute matuta."

Matuta! Moyo wangu uliruka. Huyu mama hajui anamwambia nani, nikasema moyoni. Mimi, binti wa Kisukuma, niliyepiga matuta ya viazi tangu jembe likinizidi urefu! Leo ndiyo leo. Akirudi atakuta shamba ambalo halijapata kuonekana Ufipa nzima, na hilo neno mgeni atalimeza mwenyewe.

Nikazitazama zile nyasi. Nikaziona uchafu. Kwetu, shamba likishafyekwa, unakusanya takataka, unachoma, unaanza kazi shamba likiwa safi. Na jua lilikuwa limewaka siku sita mfululizo, lile jua la katikati ya masika lisilo na adabu, nyasi zimekauka kau. Nikakusanya, nikawasha kiberiti. Moto ulikwenda vizuri jamani, nakumbuka mpaka leo nilivyoufurahia. Jirani yetu, yule wa kisimani, akatokea ng'ambo ya njia anapiga kelele kwa Kifipa, anarusha mikono yote miwili. Nikaona ananipongeza. Nikampungia jembe, nikamjibu kwa sauti kubwa, "Asante mama! Kazi ni kazi!" Akashika kichwa. Nikafikiri, huyu leo amekubali.

Siku tano nililima kama nimetumwa na serikali. Nikapiga matuta marefu, yamenyooka, yamekatiza mteremko kutoka mpaka huu hadi mpaka ule, maana baba alitufundisha tuta lisielekee bondeni, maji yakija yatalichukua. Viganja vikachubuka. Jioni ya siku ya tano niliketi chini ya shamba nikayatazama nikacheka peke yangu.

Mama mkwe alirudi Jumamosi. Hakupitia hata nyumbani, alikuja moja kwa moja shambani na kifurushi chake kichwani. "Shikamoo mama," nikasema, nimesimama wima, jembe begani. Hakuitikia marahaba. Akashusha kifurushi. Akaenda mpaka pale kwenye majivu, akainama, akachukua majivu kiganjani, akayaacha yamwagike.

"Mgeni," akasema, "umechoma ugali wa mwakani."

Ndipo nikaambiwa. Mume wangu aliporudi kutoka Wampembe na samaki wake alinieleza vizuri kwa Kiswahili, maskini, huku mama yake anachambua maharage kando. Wafipa hawapigi matuta, wanapiga ntumba. Unakusanya nyasi ulizofyeka, unaziweka rundo la duara, kisha unaukata udongo na majani yake kwa jembe na kuugeuzia juu ya lile rundo, mpaka linakuwa kilima cha kufika gotini, nyasi zote tumboni. Juu yake unapanda maharage. Ndani nyasi zinaoza taratibu. Msimu unaofuata unabomoa, kile cheusi kilichooza unakisambaza shamba zima, ndipo unapanda ulezi na mahindi. Hiyo ndiyo mbolea yao, tangu mababu, kabla mfuko wowote haujaletwa na baada ya mfuko kuwashinda watu. Na yule jirani alikuwa anapiga kelele, "Zima! Zima! Unachoma chakula!"

Na mimi nikamjibu kazi ni kazi.

Kwanza nilikasirika. Nani aliniambia nyasi zisichomwe? Nani alisema ntumba? Alisema matuta, nikapiga matuta! Nikagombana na mume wangu, nikagombana na sufuria. Kisha hasira ikaisha ikabaki haya, na haya ilikuwa mbaya zaidi. Mama mkwe hakunigombeza. Angenigombeza ningejibu, ningepumua. Siku mbili aliendelea kuniwekea chakula, "Mgeni, kula," na kila tonge nililomeza niliona majivu. Nyasi za kufyeka karibu hazikuwepo tena, mbolea ya dukani hatukuiweza, na bila ya kitu tumboni mwa ule udongo mwakani tungevuna mabua. Nililia, nisiwafiche. Nililia chooni, watu wasinione.

Siku ya tatu nikaamka alfajiri nikaenda kwa baba yangu.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka mpaka akakohoa, akashika mti wa zizi asianguke. Nikamwambia kama ni kucheka ningebaki kulekule. Akajifuta macho. "Mwanangu," akasema, "hawa watu ng'ombe wangu wamewalia nyasi miaka yote hii. Leo warudishie." Akanionyesha nyuma ya zizi. Samadi ya miaka mingi, nyeusi, imepanda mpaka kimo cha kiuno, tulikuwa tunaikwepa tu tusikanyage. Akafunga madume mawili kwenye mkokoteni, tukajaza samadi, na juu yake tukapakia nyasi ndefu za bondeni, mpaka mkokoteni ukalia.

Niliingia kijijini nimekaa juu kabisa ya mzigo ule, natoa harufu ya kukimbiza mbwa, baba anaswaga mbele. Watu walitoka nje. Jirani yetu hakuweza kuacha nafasi ile ipite. "Wee!" akapaza sauti, safari hii kwa Kiswahili ili nisikie vizuri. "Ng'ombe tuliwapeleka wazima, leo tunarudishiwa mavi yao!" Kijiji kizima kikacheka. Hata baba yangu alicheka. Hata mimi, nikiwa nimekasirika vile, nilijikuta nacheka juu ya mzigo wangu, na nilipogeuka nilimwona mama mkwe mlangoni ameziba mdomo kwa khanga, mabega yanatikisika. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka kwa ajili yangu.

Tulileta mikokoteni mitatu. Nikaanza kuyapasua matuta yangu katikati, moja baada ya jingine, nikitia samadi. Mama mkwe alisimama kando amekunja mikono. Nikapasua tuta la kwanza, la pili. Katika la tatu akashindwa kuvumilia. "Si hivyo!" Akanipokonya jembe. Akatandika nyasi kwanza, nene, akazikanyaga kwa miguu, akatia samadi juu kidogo tu, kisha akageuza udongo majani chini, akalifunga tuta kama anavyofunga ntumba. Akanitazama. Nikafanya kama yeye. Akatikisa kichwa: nyasi nyembamba. Nikaongeza. Akatikisa tena. Nikaongeza mpaka nikaona huyu anataka nizike bonde zima. Akasema, "Haya."

Tulifanya hivyo siku nyingi, mimi na yeye na mume wangu. Kwa upande wake alitaka kuyakata matuta yangu yawe vilima vya duara, nami nikang'ang'ania yabaki marefu, nikamwonyesha kwa fimbo na maji ya ndoo jinsi maji yanavyoteremka kati ya ntumba mbili na jinsi yanavyogonga tuta langu na kusimama. Akamwaga ndoo ya pili mwenyewe kuhakikisha, kisha ya tatu. Akaacha yabaki marefu. Mvua ilirudi siku chache baadaye, yenye hasira, na maji yalisimama kwenye matuta yetu usiku kucha yakanywewa pale pale. Tukapanda maharage juu. Alishusha kibuyu, nikaweka viganja, akanimiminia. "Mgeni, chukua."

Nikachukua. Nilikuwa sina haki ya kusema.

Maharage tulipata, si haba. Lakini mtihani wenyewe ulikuwa msimu uliofuata. Mvua ya kwanza ilishuka mwishoni mwa Novemba, siku nne, watu wakaimba, wakapanda wote. Ikakatika. Jua wiki ya kwanza. Jua wiki ya pili. Mahindi yaliyochipua yakaanza kujikunja majani. Kwenye mashamba mengine udongo ulipasuka mpaka unaingiza kidole.

Mama mkwe hakuwa amepanda. Nilikuwa nimemsumbua tupande na wenzetu, akaninyamazisha. Desturi ilikuwa kubomoa ntumba na kusambaza kilichomo. Yeye kila asubuhi alikwenda mteremkoni, anapiga magoti kwenye tuta moja, anaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, anautoa, anaunusa, anarudi nyumbani. Siku moja ya jua kali aliniita, "Mgeni, njoo uingize mkono." Nikaingiza. Mama yangu! Juu udongo ulikuwa wa moto. Ndani palikuwa na ubaridi, tena unyevu, na nilipotoa mkono ulikuwa mweusi na unanuka uyoga. Tukatazamana. "Haya marefu hatubomoi," akasema. "Tunayapiga kichwa tu, tunapanda hapo hapo." Hilo halikuwa la kwake wala la kwetu. Halikuwahi kufanywa na mtu yeyote tunayemjua. Alilitunga pale, mkono mchafu mpaka kiwikoni.

Tukapunguza vichwa vya matuta, tukapanda mahindi yake ya punje fupi na maharage katikati. Yakachipua kwenye ukavu ule. Jua likaendelea wiki nyingine nzima na mahindi yetu hayakukunja jani. Mvua iliporudi ikayakuta yamesimama. Watu walianza kupita njia ya mteremkoni hata wasio na safari huko. Wanasimama, wanatazama, wanauliza ruhusa, wanapiga magoti, wanaingiza mkono. Siku moja nilihesabu makalio saba juu ya shamba letu, vichwa vyote chini. Nilicheka mpaka nikakaa.

Ilipokuja Februari nyingine, hakuna aliyeambiwa na mtu. Watu walianza kufyeka, na hapo wakahitaji jina. Matuta ya barabarani yalikuwa matuta, ya viazi yalikuwa matuta, ntumba ilikuwa ntumba. Hili la nyasi na samadi, refu, lisilobomolewa, liitweje? Mimi sikulipa jina. Nadhani ni jirani yetu, maana mabaya yote yalianzia kwake. "Mimi mwaka huu sipigi ntumba," akasema kisimani. "Napiga mgeni." Neno likashika. Asubuhi unasikia watu wanaitana: "Umeshapiga wageni wangapi?" "Jana nimepiga sita, mgongo wote unauma." "Mgeni wako mwembamba huyo, mwongeze majani!" Hata mama mkwe mwenyewe, bila kufikiri, anasema, "Kesho tutampiga mgeni wa mwisho," halafu ananiona, anaguna, anaendelea na kazi.

Basi katikati ya msimu huo akaja bwana shamba mpya kutoka Sumbawanga, kijana nadhifu, pikipiki, begi la ngozi. Kijiji kilikuwa kitupu. Akamkuta jirani yetu peke yake uani, ameketi kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Yaliyosemwa tuliyapata baadaye kutoka kwao wote wawili, na yanalingana.

"Shikamoo mama. Watu wako wapi?"

"Marahaba. Wamekwenda mteremkoni kupiga wageni."

Kijana akadhani hakusikia. "Kupiga nani?"

"Wageni, mwanangu. Tangu Jumatatu tunawapiga. Nyumba ile pale wanapiga familia nzima, hata watoto."

"Wamekosa nini?"

"Hawajakosa kitu!" Jirani yetu alishangaa swali. "Ndio msimu wao. Tunawalaza, tunawajaza majani tumboni, tunawafunika na udongo. Mpaka mwakani wameshaoza vizuri." Kisha kwa ukarimu wake wote akamwuliza, "Kwani na wewe ni mgeni?"

"Hapana mama," akasema kijana, "mimi napita tu."

Akarukia pikipiki. Ikakataa kuwaka. Tulikuwa tunarudi kutoka shambani, watu kama ishirini, majembe mabegani, tope mpaka usoni, tukamkuta anaisukuma kwa mbio mlimani. Mume wangu akamwita kwa wema wake, "Mgeni! Mgeni, subiri!" Lo! Kijana akaiacha pikipiki.

Ilichukua muda kumrudisha. Tulipomweleza alikaa chini njiani akacheka, sisi tunacheka, jirani yetu anashika mgongo anacheka na kulia kwa maumivu. Tulimpeleka mteremkoni. Yeye naye akapiga magoti na suruali yake nadhifu, akaingiza mkono. Akatoa daftari.

"Nani aliyeanza hii?" akauliza. "Huyo mgeni mwenyewe ni nani?"

Watu wote wakanielekezea vidole. Nilisimama na tope langu, nimezoea, natabasamu. Nilikuwa nimeshakubali kwamba neno lile nitazikwa nalo.

Mama mkwe akajipangusa mikono kwenye khanga. "Mgeni ni hilo tuta," akasema, akilionyesha kwa mguu. "Andika hivyo. Huyu si mgeni. Huyu ni mwanangu." Kisha, kwa kile Kiswahili chake cha kanisani na sokoni, akatafuta maneno mpaka akayapata. "Nyasi zilichomwa na neno langu. Yeye alishika kiberiti tu."

Nilifurahi nikashindwa kujibu. Mimi, mtu wa mdomo! Jirani yetu anashuhudia, hataki kusahau: ilikuwa mara yangu ya kwanza kunyamaza mbele ya watu. Bwana shamba aliandika, na sijui aliandika nini, maana aliondoka na daftari lake na pikipiki iliyosukumwa na kijiji kizima.

Jioni hiyo mawingu yalikuwa yameshuka, na mama mkwe alitaka maharage yaingie kwenye matuta kesho asubuhi. Alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na moto. Nikasimama mahali pangu pa siku zote, viganja mbele, nikingoja ainuke.

Hakuinuka. "Mwanangu," akasema, "mbegu ziko juu. Huoni mkono mrefu ulio nao?"

Nikanyoosha mkono, nikashusha kibuyu cha maharage. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyodhania, na cheusi kwa moshi wa miaka. Nikachomoa gunzi lililokiziba. Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa ameweka viganja vyake viwili pamoja mbele yangu, nami nikammiminia.